Siku 22 za mashine: GC-MS inatoka maabara, inaingia banda la maonyesho, inarudi

Makampuni ya vifaa vya uchambuzi wa kemikali hupanga matoleo yao mapya kwa kufuata kalenda ya maonyesho. Pittcon, iliyoanzia Pittsburgh mwaka 1950, hufanyika kila mwaka nchini Marekani. Analytica ya München huja kila baada ya miaka miwili, na ACHEMA ya Frankfurt kila baada ya mitatu. Kipeperushi cha toleo jipya hufika huko kwa barua pepe, lakini mashine yenyewe hufika ndani ya kasha, na mtu wa maabara aliyelipa nauli anataka kuona kromatogramu, yaani mchoro wa vilele vya sampuli, ikichoreka mbele ya macho yake.

Mashine inayofuatwa hapa ni GC-MS: kromatografia ya gesi (GC), inayotenganisha mchanganyiko wa kemikali, iliyounganishwa na spektromita ya masi (MS), inayopima masi ya vipande vyake. Ina mambo mapya matatu. Inatumia hidrojeni badala ya heliamu kama gesi bebaji, yaani gesi inayosukuma sampuli, ina chanzo cha ioni, sehemu inayoipa sampuli chaji, kilichoundwa kwa ajili ya hidrojeni, na programu yake ni ya toleo jipya. Heliamu hutoka kwenye mitambo michache ya gesi asilia, na mmoja ukisimama, maabara nyingi hubaki na mitungi mitupu. Hidrojeni hutengenezwa palepale kwa kupasua maji kwa umeme.

Siku ya 1

Kabla ya spana kuguswa, mashine inapimwa ikiwa bado mezani. Inafanyiwa urekebishaji wa kawaida kwa PFTBA, kemikali ya kulinganishia ambayo ioni zake zinajulikana, na namba zote zinaandikwa: wingi wa ioni zenye masi 69, 219 na 502, isotopu zake 70, 220 na 503, ambazo zinapaswa kuwa karibu asilimia 1, 4 na 10 ya ioni mama, ioni za hewa na maji, yaani 18, 28 na 32, na volti za kikuza elektroni, kinachokuza ishara ya ioni. Nakala moja inaingia kwenye kasha, nyingine kwenye mkoba wa kompyuta. Mashine ikisumbua ndani ya ukumbi, karatasi hii ndiyo itakayosema kama tatizo lilitoka nyumbani au lilipatikana njiani. Bila hiyo kila mtu atabahatisha.

Siku hiyohiyo programu inafungwa. Toleo la programu ya kompyuta na toleo la programu ya ndani ya mashine lazima yaendane. Ukisasisha moja ukaacha jingine, mashine inaweza isionekane kabisa kwenye skrini. Kwa hiyo hakuna sasisho lolote katika wiki mbili za mwisho, hata kama watengenezaji wa programu wanasema limekamilika. Masasisho ya kiotomatiki ya Windows yanazimwa, anwani ya IP inawekwa ya kudumu, na diski nzima inanakiliwa kwenye diski ya pembeni. Leseni inajaribiwa kompyuta ikiwa imetolewa kwenye intaneti, kwa sababu mtandao wa ukumbi huelemewa wageni wakijaa.

Siku ya 2

Kuzima. Joto la chanzo cha ioni na la bomba la kuunganisha GC na MS linashushwa chini ya nyuzi 100, na tanuri ya kolamu chini ya 50, ndipo hewa iruhusiwe kuingia kwenye ombwe. Ukifungua mapema, oksijeni inakutana na chuma cha moto na kukibabua, na chanzo kilichobabuka huanza kutoa vilele vyenye mkia. Hidrojeni inafungwa kwanza, kabla ya pampu kusimama, ili isijikusanye ndani ya chumba cha ombwe.

Kolamu, mrija mwembamba ambamo sampuli hutenganishwa, inatolewa na ncha zake zote mbili zinachomekwa kwenye septamu kuukuu, kizibo laini cha mlango wa sindano. Matundu ya mlango wa sindano na ya bomba la kuunganisha yanazibwa. Pampu ya mafuta inamwagwa ikingali na uvuguvugu, maana mafuta baridi hubaki ukutani, na kasha likilazwa ubavu mafuta hayo yatapanda na mpira hadi kwenye pampu ya turbo, ile ya kasi inayotengeneza ombwe. Kusafisha turbo iliyoingia mafuta ni kazi ya kiwandani, haifanyiki bandani.

Jenereta ya hidrojeni ina hatari mbili zinazovutana. Maji yakibaki tangini yanaweza kuganda sehemu ya mizigo ya ndege na kupasua mirija, na utando wa ndani ukikauka kabisa unaharibika. Tangi linamwagwa lote, kisha matundu yanafungwa kwa vizibo vyake ili unyevu uliobaki kwenye utando usitoroke.

Siku ya 3

Kasha la mbao linalovuka mpaka lazima lifuate ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo: mbao zimepashwa joto hadi kitovu chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, na alama ya HT imechomwa au kupigwa muhuri juu yake. Kasha lisilo na alama linaweza kuzuiwa mpakani, likafukizwa au kurudishwa. GC peke yake ina karibu kilo 50, kwa hiyo inanyanyuliwa na watu wawili, kwa kushika kitako. Ukishika mlango wa tanuri bawaba zitalegea. Mnara wa sindano unapakiwa peke yake. Nje ya kasha vinabandikwa viashiria vya mshtuko na vya kuinamishwa, pande mbili, mahali dereva wa forklifti atakapoviona.

Sanduku la vipuri ndilo linaloamua kama banda litafanya kazi: laina 5, yaani mirija ya kioo ya mlango wa sindano, septamu 10, feruli (pete za kuzibia viungo) za grafaiti na plastiki ya vespeli za tundu la milimita 0.4 zisizopungua 10, filamenti 2, yaani nyaya za kutoa elektroni ndani ya chanzo, mabomba ya sindano ya mikrolita 10 matatu, kisu cha kukatia kolamu na lenzi ya kukagulia mkato. Kolamu ni mbili zinazofanana, za mita 20, kipenyo cha milimita 0.18 na utando wa mikromita 0.18. Ile ya kawaida ya mita 30 kwa 0.25 hufaa kwa heliamu, lakini kwa hidrojeni inayoishia kwenye ombwe, kolamu nyembamba hutunza shinikizo kwenye mlango wa sindano na haizidishii pampu mzigo.

Siku ya 4

Makaratasi. Kati ya nchi zinazotambua karneti ya ATA, hati ya forodha ya kuingiza vitu kwa muda, mashine hupita kwa muda bila kulipiwa ushuru, na karneti hudumu hadi mwaka mmoja. Kosa linalojirudia ni kuandika humo kila kitu kilichomo kashani. Karneti ni ya vitu vinavyorudi. Vipeperushi, zawadi, viyeyusho na chochote kitakachotumika au kugawiwa havimo. Vina ankara yake. Namba za mashine zinaandikwa moja moja kama zilivyo kwenye kibao cha nyuma, maana afisa wa forodha atainama na kuzisoma.

Kiyeyusho ni ethili asetati, ambayo namba yake ya mizigo ya hatari ni UN1173. Shehena yake ndogo inaweza kupita kwa utaratibu wa kiasi kidogo, mililita 30 kwa chupa ya ndani na 500 kwa kifurushi kizima, lakini afadhali kuagiza kwa muuzaji aliye karibu na ukumbi aifikishe bandani. Chupa moja iliyovuja huchelewesha shehena yote.

Siku ya 5 hadi 9

Kasha liko njiani. Anayeandaa banda anatumia siku hizi kuuliza ukumbi jambo moja kwa maandishi: umeme unakatwa usiku? Kumbi nyingi huzima umeme wa mabanda milango ikifungwa, isipokuwa umeagiza laini ya saa 24. Taa na skrini zinavumilia hilo. Spektromita ya masi haivumilii, maana ombwe likipotea kila jioni, asubuhi inayofuata yote itaisha kwa kusubiri maji yatoke ndani ya chumba.

Siku ya 10

Kasha limefika. Viashiria vya mshtuko vinasomwa kabla ya kutia sahihi. Kama kimoja kimebadilika rangi, kinapigwa picha kikiwa bado kimebandikwa, na jambo hilo linaandikwa kwenye hati ya kupokelea; malalamiko ya bima yanayokuja baada ya sahihi safi hayana nguvu.

Halafu hakuna kinachofunguliwa. Chuma kilichotoka kwenye baridi ya ndege kikikutana na hewa ya ukumbi hutoa jasho, na jasho hilo huingia kwenye mabodi ya umeme. Kasha linaachwa limefungwa hadi lilingane na joto la ukumbi, na kwa mashine yenye uzito huu usiku mzima si mwingi. Ratiba ya ujenzi wa banda isiyo na usiku huo imekosewa.

Siku ya 11

Meza inapimwa kwa pima maji. Kapeti la ukumbi huficha sakafu iliyopinda, na pampu ya mafuta inayotetemeka juu ya meza nyepesi huongeza kelele kwenye mstari wa msingi wa kromatogramu, kwa hiyo inashushwa chini, juu ya mkeka wa mpira. Tanuri inahitaji laini yake ya umeme. Ikipanda joto kwa kasi huvuta zaidi ya kilowati 2, na birika la kahawa la banda likichomekwa kwenye laini hiyohiyo, fyuzi itakatika katikati ya sampuli.

Mkaguzi wa usalama anakuja kwa sababu neno hidrojeni limeandikwa kwenye fomu. Ana haki, na jibu lake ni hesabu. Hidrojeni hulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, hadi asilimia 75. Mashine ikitumia mtiririko wa mililita 1 kwa dakika kwenye kolamu, mgawanyo wa 50:1 (50 zinatolewa nje kwa kila 1 inayoingia kolamu) na mililita 3 za kusafisha septamu, jumla ni 54 kwa dakika, yaani lita 3.24 kwa saa. Banda la mita 6 kwa 3 lenye kimo cha mita 3 lina ujazo wa mita 54 za ujazo, au lita 54,000. Asilimia 4 yake ni lita 2,160. Hata kama banda lingezibwa kabisa, zingehitajika zaidi ya saa 660 kufika hapo, na jenereta haina akiba kubwa ya kumwagika kwa mpigo kama mtungi.

Hatari ya kweli iko ndani ya tanuri. Ujazo wake ni lita 14 hivi, na asilimia 4 yake ni mililita 560. Kolamu ikivunjika karibu na mlango wa sindano na gesi ikaingia kwa mililita 50 kwa dakika, dakika 11 zinatosha, na ndani mna waya wa kupashia joto. Ndiyo sababu mashine huzima joto na kufunga gesi inaposhindwa kushika shinikizo lililowekwa. Kinga hiyo inajaribiwa mbele ya mkaguzi tanuri ikiwa baridi: nati ya kolamu inalegezwa, shinikizo linaanguka, mashine inajifunga. Mkaguzi aliyeliona hilo hutia sahihi. Mirija ya kutolea gesi ya mgawanyo na ya pampu inaelekezwa kwenye mfereji wa hewa wa ukumbi, isiachwe ikipumua chini ya meza.

Saa kumi jioni pampu zinawashwa. Kama umeme ulikatika huku gesi ikiwa wazi, chumba cha ombwe hupulizwa kwanza kabla ya filamenti kuwashwa, na skrubu za bamba la pembeni huachwa bila kukazwa, ombwe lenyewe linalishika.

Siku ya 12

Asubuhi, namba za kwanza. Ioni 18 iko juu, na hilo ni la kawaida: ni maji ya safari, yanaondoka kwa pampu na joto. Lakini 28 na 32 nazo ziko juu, na 28 ni karibu mara nne ya 32. Uwiano huo ni wa nitrojeni na oksijeni angani, asilimia 78 kwa 21, kwa hiyo hewa inaingia mahali fulani. Kungekuwa na maji pekee, 32 isingepanda. Filamenti inazimwa mara moja ikishaonekana hivyo. Kuiacha iwake ndani ya hewa ni kuiua.

Mvujo unatafutwa kwa kupuliza argoni kidogo kwenye kila kiungo huku jicho likiwa kwenye ioni 40, ile ya argoni, filamenti ikiwashwa kwa muda mfupi wa kupima tu. Bamba la pembeni, hakuna. Vali ya PFTBA, hakuna. Nati ya bomba la kuunganisha: mstari unaruka. Feruli ya grafaiti na vespeli hunywea baada ya kupashwa joto mara ya kwanza, na iliyokazwa jana ikiwa baridi leo imelegea. Inakazwa robo ya mzunguko, si zaidi, kwa sababu ikipondwa vumbi lake huingia kwenye chanzo. Tanuri inapanda na kushuka mara mbili, nati inakazwa tena kidogo. 32 inashuka hadi haionekani.

Kinachofuata ni subira, na ndipo mabanda mengi yanapokosea. Hidrojeni husafisha uchafu wa zamani kwenye chuma na mirija, na saa za mwanzo mstari wa msingi huwa juu kwa sababu hiyo. Wageni wakiuona hivyo watasema chanzo kipya ni kibovu. Mashine inaachwa ikiwa moto, gesi ikipita, mpaka jioni.

Jioni inachomwa sindano ya nitrobenzini, na huu ndio mtihani wa chanzo kipya. Ndani ya chanzo cha kawaida, hidrojeni na chuma cha moto huigeuza nitrobenzini kuwa anilini, na kwenye spektra ioni 123 hupungua huku 93 ikipanda. Tahadhari kwa anayesoma haraka: 93 ipo hata ukitumia heliamu, maana nitrobenzini yenyewe hupoteza kipande cha NO na kuacha 93 ndogo. Kinachotazamwa ni ukubwa wake. Spektra safi inaongozwa na 77, 123 iko imara pembeni yake, na 93 iko chini kabisa. Hapa iko hivyo. Inachapishwa pamoja na tarehe na saa, inabandikwa ukutani, na sindano hiyohiyo itarudiwa mbele ya atakayeomba.

Siku ya 13

Milango inafunguliwa. Sindano moja huchukua dakika 10 na tanuri dakika 5 kupoa, kwa hiyo ni nne kwa saa, na mgeni karibu kila mara anafika katikati. Skrini ya pili inabaki na matokeo kamili ya sindano iliyotangulia. Anaweza kusimama dakika mbili akaona mwanzo na mwisho.

Swali la kwanza la watu wa maabara ni uhisivu, na jibu la haki ni kwamba kwa hidrojeni uwiano wa ishara kwa kelele mara nyingi hushuka mara 2 hadi 5 ukilinganisha na heliamu. Linasemwa hivyo, kwa namba. Mtu anayepima karibu na kikomo chake atabaki na heliamu au abadili ujazo wa sindano. Mwenye nafasi ya kutosha atapata muda, kwa kuwa hidrojeni hukimbia vizuri kwenye sentimita 40 hivi kwa sekunde pale heliamu inapotaka 20 hadi 25, na sampuli inaweza kumalizika kwa karibu nusu ya muda. Muuzaji anayeficha namba ya uhisivu atapigiwa simu baada ya mashine kusimikwa.

Siku ya 14

Maabara za mazingira zinauliza kuhusu EPA 8270, mbinu ya wakala wa mazingira wa Marekani ya kupima kemikali kwa GC-MS. Mbinu hiyo hutoa sampuli kwa dikloromethani, na dikloromethani kwenye mlango wa moto wenye hidrojeni inaweza kuzaa asidi ya hidrokloriki inayokula laina na mwanzo wa kolamu. Ushauri: shusha joto la mlango, tumia mgawanyo badala ya kuingiza sampuli yote, badilisha laina mara kwa mara, na pale mbinu inaporuhusu, hamia kiyeyusho kisicho na klorini.

Maabara za dawa zinauliza la programu: mtumiaji anaweza kufuta data ghafi? Kanuni ya Marekani ya 21 CFR Part 11, kuhusu kumbukumbu za kielektroniki, iliyoanza kutumika mwaka 1997, inadai kumbukumbu ya kila badiliko. Maelezo ya mdomo hayatoshi hapa. Mgeni anapewa kipanya, anabadilisha mstari wa kukokotoa kilele, kisha anafunguliwa kumbukumbu na kuona jina la akaunti, saa, thamani ya zamani na mpya.

Sindano 32 kwa siku, siku mbili ni 64, na septamu hudumu karibu 100. Inabadilishwa jioni hii, tanuri na mlango vikiwa vimepoa, isije ikaanza kuvuja kesho adhuhuri.

Siku ya 15

Namba za asubuhi zimelingana na za jana. Wageni wengi, sindano 31.

Siku ya 16

Siku ya mwisho, wabomoaji wa mabanda huanza dakika ileile milango inapofungwa, na umeme unaweza kukatwa bila onyo. Chanzo kinaanza kupozwa saa mbili kabla, hata kama mgeni bado amesimama mezani; anaonyeshwa matokeo yaliyohifadhiwa. Hidrojeni, joto, ombwe, kolamu, mafuta, tangi: mpangilio ni uleule wa siku ya 2, ingawa sasa watu wamechoka, kwa hiyo orodha inasomwa kwa sauti na mmoja huku mwingine akitenda. Masalio ya viyeyusho yanakabidhiwa kwa huduma ya taka za kemikali ya ukumbi. Hayarudi kashani.

Siku ya 17 hadi 21

Karneti inagongwa muhuri wa kutoka kabla kasha halijaondoka. Muhuri huo ukikosekana, nchi iliyopokea itahesabu kwamba mashine imebaki humo, na madai ya ushuru yatafuata miezi baadaye.

Siku ya 22

Mashine iko mezani tena, imepumzika usiku kucha ndani ya kasha, imewashwa. Karatasi ya siku ya 1 inawekwa pembeni ya mpya. 70, 220 na 503 ziko mahali pake, 32 haionekani, kikuza elektroni kimepanda volti chache. Filamenti ya kwanza imefanya kazi safari nzima, na zile 2 za akiba zimerudi ndani ya mfuko wao, hazijafunguliwa.